Kwa Nini Bangili ya Fedha Huwa Nyeusi?

Huenda nyumbani kwako iko bangili ya fedha aliyoacha bibi yako. Siku moja unafungua kitambaa, unaikuta nyeusi. Wengine watakuambia mwenye bangili amerogwa. Mnunuzi wa vitu vya zamani naye atasema, "Hii si fedha, ni bati tu," akupe bei ya bati. Usiwasikilize. Fedha ya kweli huwa nyeusi.

Sababu yake ni salfa. Wakulima wa korosho wanaijua salfa. Ni ule unga wa manjano wanaopulizia mikorosho kuzuia ubwiri unga. Lakini salfa imo pia katika mayai, vitunguu na mipira. Yai likioza hutoa hewa yenye salfa, ndiyo maana linanuka vile. Hewa hiyo hutoka pia chooni na katika matope ya mikoko. Ni kidogo sana, lakini ikigusa fedha hushikamana nayo, ukatokea utando mwembamba. Kwanza utando ni wa manjano, kisha kahawia, mwisho mweusi. Kutu hula chuma mpaka ndani. Utando huu hukaa juu tu. Chini yake fedha ni nzima.

Fedha tupu ni laini mno, kwa hiyo masonara huichanganya na shaba. Mara nyingi katika sehemu 1000, fedha ni 925 na shaba ni 75. Zamani pwani yetu ilitumia reale za Maria Theresa. Zote zina mwaka 1780, hata zilizotengenezwa baadaye! Hizo zina fedha sehemu 833 hivi, na masonara waliziyeyusha wakafua vikuku na mikufu. Shaba nayo huwa nyeusi. Basi weusi peke yake hauonyeshi kuwa kitu ni fedha au si fedha. Mpelekee sonara akipime kabla hujakubali bei.

Usiisugue bangili kwa mchanga wala majivu. Utaondoa fedha, na nakshi zitafutika. Chukua sufuria kuukuu ya alumini. Tia maji ya moto, kijiko cha magadi na kijiko cha chumvi. Laza bangili humo, iguse sufuria. Salfa itaiacha fedha na kuhamia kwenye alumini. Huenda ukasikia harufu ya yai bovu. Baada ya dakika chache itoe, isuuze, ikaushe. Sufuria hiyo usiipikie tena, kwani magadi huichubua. Pete yenye kito usiitie humo. Ipanguse tu kwa kitambaa laini chenye sabuni.

Kisha ifunge bangili katika kitambaa kikavu cha pamba, mbali na mpira. Au ivae. Inayovaliwa kila siku hukawia kuwa nyeusi, kwa sababu ngozi na nguo huipangusa.