Tembo wa Tabora Kwenye Simu Yako: Kusoma Uso wa Sarafu ya Dhahabu Kupitia Picha

Wanachuo wenzangu, kuna sarafu ya dhahabu ambayo wengi wetu hatutaishika mkononi, ila picha zake zimejaa mitandaoni. Ni ile ya rupia 15 iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916. Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imepamba moto, Waingereza walikuwa wameziba njia ya bahari, na utawala wa Kijerumani haukuweza tena kuletewa fedha kutoka kwao. Wakageuza karakana ya reli pale Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, upande wa Singida. Zilitoka sarafu 16,198 tu, kila moja gramu 7 na ushee, robo tatu yake ikiwa dhahabu. Upande mmoja kuna tai wa Ujerumani, upande wa pili kuna tembo mbele ya milima, pamoja na herufi T ya Tabora. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji, kazi ikaishia hapo.

Leo sarafu hizi zinauzwa kwenye minada ya Ulaya na Marekani. Moja inaweza kuuzwa kwa bei mara kadhaa ya mwenzake, ingawa dhahabu ni ileile na uzito ni uleule. Tofauti iko wapi? Mara nyingi iko usoni. Na wanunuzi wengi hawaoni uso wenyewe. Wanaona picha yake. Matapeli wa "rupia za Mjerumani" nao wanatumia picha hizohizo. Kwa hiyo kujua kuzisoma si anasa ya matajiri tu.

Anza na mwanga

Kabla hujaitazama sarafu, jiulize taa ilikaa wapi. Mwanga unaotoka juu moja kwa moja huonyesha rangi vizuri lakini huficha mikwaruzo midogo. Mwanga wa pembeni huifufua mikwaruzo hiyo, tena huweza kuifanya ionekane mibaya kuliko ilivyo. Picha iliyomwagiwa mwanga hadi sehemu bapa zikawa nyeupe haikuambii kitu kuhusu sehemu hizo. Usisome weupe ule kama usafi. Hapo taarifa haipo, basi.

Sasa tafuta mng'ao wa asili. Sarafu inapogongwa kati ya mihuri miwili ya chuma, dhahabu hutiririka kidogo kuelekea ukingoni na kuacha mistari midogo mno. Mistari hiyo ndiyo inayofanya mwanga uzunguke kama mirija ya gurudumu la baiskeli ukiigeuzageuza sarafu. Kwenye picha utaona mikanda ya mwanga inayotoka katikati kwenda nje. Sarafu iliyosuguliwa kwa kitambaa au dawa ya kung'arishia hupoteza mistari hiyo. Inawaka, ndiyo, lakini inawaka kote sawasawa kama sufuria iliyopigwa stili waya. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Je, imechakaa au ilizaliwa hivyo?

Hapa ndipo Tabora inapowachanganya watu. Ile ilikuwa karakana ya reli, haikuwa kiwanda cha fedha cha Berlin. Mgongo haukuwa sawa kila mara, hivyo sarafu ambayo haijawahi kuingia mfukoni mwa mtu inaweza kuwa na kifua cha tai au mwili wa tembo usio na michoro iliyokamilika. Ukiona sehemu bapa, usikimbilie kusema imechakaa. Angalia kama mng'ao unapita juu ya sehemu hiyo bila kukatika. Ukipita, ni udhaifu wa mgongo. Ukikatika, na pale juu rangi ikabadilika kuwa laini na iliyofifia kuliko pembeni, vidole na mifuko vimefanya kazi yake.

Mikwaruzo nayo ina lugha yake. Mistari iliyotokana na kung'arishwa kwa muhuri huwa imeinuka, na kwa kawaida huishia pale mchoro unapoanza. Mistari ya kusafishwa imechimbwa ndani, nayo hupita juu ya herufi, tembo na sehemu bapa bila kujali mipaka. Kukiwa na mistari mingi sambamba, yote ikielekea upande mmoja, mtu alipitisha kitambaa. Na kama mkwaruzo unaanzia kwenye sarafu na kuendelea hadi nje yake, shukuru: huo uko kwenye kasha la plastiki.

Usisahau ukingo. Sarafu nyingi za dhahabu ziligeuzwa vidani. Tafuta alama ya lehemu, sehemu iliyosagwa kwa tupa, au rangi tofauti pale juu ambapo sonara aliweka kipete. Wauzaji wengi hawapigi picha ya ubavu. Iombe, na uombe video fupi sarafu ikigeuzwa taratibu chini ya taa moja. Anayekataa ombi dogo kama hilo amekujibu tayari.

Namba na alama za vidole

Kampuni kama PCGS na NGC hupima sarafu kwa kipimo cha 1 hadi 70, na kuanzia 60 ni zile zisizotumika. Iliyosafishwa vibaya kwa kawaida hainyimwi kasha, ila hunyimwa namba; huandikiwa kasoro yake. Soma maandishi ya kasha kabla hujapendezwa na rangi. Kasha lenyewe pia hughushiwa, kwa hiyo linganisha namba yake na kumbukumbu za kampuni.

Mwisho, kila sarafu ina mikwaruzo yake, kama alama za vidole. Minada mikubwa huhifadhi picha za miaka ya nyuma. Chukua kovu mbili tatu, ulitafute tembo huyo kwenye kumbukumbu hizo. Ukimkuta zamani akiwa na vumbi kwenye mikunjo na leo anawaka, umejua kilichompata. Ukikuta picha uliyotumiwa WhatsApp ndiyo ileile ya mnada wa Ulaya, kovu kwa kovu na kivuli kwa kivuli, umejua pia: anayekuuzia ana picha, hana sarafu. Bumu lako likae palepale.

Picha haiwezi kukupa uzito, na dhahabu bandia haigunduliki kwa macho peke yake. Hapo unahitaji mizani. Ila inaweza kukuambia nani aliisugua historia ya Tabora ili ipendeze. Na ukiikuta rupia ya zamani kwenye sanduku la bibi kijijini, hata kama ni heller ya shaba, usiipeleke kwenye majivu na ndimu. Iache na uchafu wake. Ukishausugua uso ule, haurudi tena.