Mnyoo wa topeni ghali kuliko samaki

KATIKA maduka ya vifaa vya uvuvi nchini Marekani, kilo ya mnyoo inaweza kuwa ghali kuliko kilo ya samaki anayevuliwa kwa mnyoo huyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Fish and Fisheries ulimweka mnyoo wa damu, kitaalamu Glycera dibranchiata, miongoni mwa viumbe watano wa baharini wenye bei kubwa zaidi kwa kilo duniani.

Mnyoo huyu huchimbwa zaidi katika tope la pwani ya jimbo la Maine na nchi jirani ya Kanada. Ngozi yake ni nyembamba, hivyo damu nyekundu huonekana kwa nje na kumpa jina. Anaweza kufikia urefu wa sentimita 35. Hutoboa vijia vinavyoungana chini ya tope na kuvizia humo viumbe wadogo. Wakipita, huchomoa koo lake ghafla na kuwauma kwa meno manne yenye madini ya shaba, huku akiwatia sumu. Mchimbaji asiye makini huumwa pia, na maumivu yake hufananishwa na ya nyuki.

Uchimbaji hufanyika maji yakipwa, kwa jembe la meno lenye mpini mfupi. Sheria ya Maine hairuhusu mashine, ni nguvu za mikono tu. Minyoo hufungashwa wakiwa hai ndani ya mwani wenye unyevu na kusafirishwa kwa wavuvi wa mbali.

Hata hivyo, bei hiyo nzuri ina mtego wake. Mnyoo wa damu huzaa mara moja tu maishani. Wengi hukomaa wakiwa na miaka mitatu hivi. Utumbo wao hunyauka na mwili hujaa mayai au mbegu za kiume. Mwanzoni mwa kiangazi huogelea juu, humwaga mayai na mbegu majini, kisha hufa, dume na jike.

Ng'ombe aliyezaa mwaka huu atazaa tena, mnyoo hapana. Akichimbwa kabla ya kuzaa, uzao wake wote umekwenda sokoni pamoja naye. Na wale wakubwa wanaopendwa na wanunuzi ndio walio karibu kuzaa. Mchimbaji anayewamaliza leo ni sawa na mkulima anayeuza hadi mahindi ya mbegu.