Kobalti inarudi Musonoi ndani ya betri kuukuu: mambo ya kujua kabla ya kuifungua

Kila siku malori yaliyobeba mizigo ya migodi hutoka Kolwezi na kushika barabara ya Likasi na Lubumbashi, kisha mpaka wa Kasumbalesa, Zambia, hadi kwenye bandari za mbali. Kobalti nyingi iliyomo humo inakwenda China, inasafishwa, na inageuka kuwa unga mweusi unaopakwa ndani ya betri. Miaka michache baadaye, sehemu yake inarudi Lualaba. Inarudi ndani ya simu, ndani ya tochi ya kichwa ya creuseur, ndani ya laptop ya mtumba ambayo tayari imefanya kazi Ulaya au Dubai. Mara nyingi inarudi ikiwa imechoka.

Musonoi, kartye la zamani la wafanyakazi wa Gécamines, liko karibu kabisa na mashimo hayo. Huko, kama katika sehemu nyingine za Kolwezi, umeme wa SNEL hauaminiki, na betri yoyote iliyobaki na nguvu kidogo ni mali. Fundi wa simu anapasua pakiti ya laptop iliyokufa na kukuta humo mirija sita, kila mmoja mkubwa kidogo kuliko betri ya redio. Kwa kawaida haifi yote pamoja. Mmoja au miwili ikiharibika pakiti nzima inakataa, na ile minne iliyobaki inaweza bado kuwasha taa, kuchaji simu au kuendesha redio. Basi inachomelewa kwa risasi, inafungwa utepe, inauzwa tena.

Kazi hiyo ni ya akili na haipaswi kudharauliwa. Lakini ni kazi ambayo kosa lake moja linachoma nyumba. Na kifaa kinachoonyesha kosa hilo vizuri kuliko vyote si tochi wala pawabanki. Ni sigara ya umeme iliyotengenezwa kwa mkono, ile ambayo mwenye kuivuta anaweza kupandisha na kushusha wati.

Mfamasia Mchina Hon Lik ndiye anayetajwa kuwa baba wa sigara ya umeme ya kisasa, aliyoitengeneza mwaka wa 2003. Zile za kwanza kuenea zilikuwa nyembamba kama sigara ya kawaida, betri yake ndogo, mvuke wake hafifu. Wavutaji wa Marekani na Ulaya hawakuridhika. Wakaanza kutengeneza vyao: wengine walichukua mwili wa tochi, wengine kasha la plastiki la vifaa vya umeme, wakaweka betri kubwa ndani, kitufe pembeni, na juu tundu la kufungia kichwa chenye waya wa joto. Huo ndio mwanzo wa vifaa ambavyo leo viwanda vya Shenzhen vinatoa kwa mamilioni.

Ndani yake hakuna uchawi. Kuna waya mwembamba uliozungushwa, koili, uliokaa ndani ya pamba iliyolowa maji ya kuvuta. Umeme ukipita waya unapata moto, maji yanakuwa mvuke. Nguvu ya moto huo, yaani wati, inapatikana kwa kuzidisha volti kwa volti na kugawa kwa ukinzani wa waya, unaopimwa kwa omu.

Tuchukue waya wa nusu omu uliofungwa moja kwa moja kwenye betri moja ya lithiamu. Betri hiyo ikiwa imejaa ina volti 4.2, na waya unapokea wati 35. Ikishuka hadi volti 3.4, wati zinabaki 23. Mvutaji hajagusa kitu, lakini theluthi ya nguvu imepotea. Kifaa cha namna hii, kisicho na kitu chochote kati ya betri na waya isipokuwa kitufe, ndicho rahisi kuliko vyote kukitengeneza. Ndicho pia cha hatari kuliko vyote, kwa sababu hakuna anayelinda. Waya ukifupishwa hadi omu 0.2, betri inaombwa ampea 21. Waya ukigusa mwili wa chuma, inaombwa zote ilizo nazo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuweka kidhibiti katikati. Watengenezaji wengi wa nyumbani walitumia kipande kidogo cha kampuni ya Murata ya Japani, OKR-T/10, ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya sigara hata kidogo. Kilikuwa cha mashine za kompyuta na mawasiliano. Kinapokea kuanzia volti 4.5 hadi 14, kwa hiyo kinahitaji betri mbili zilizofuatana, na kinatoa kiasi unachokitaka hadi volti 6, bila kupita ampea 10. Ongeza potensiomita ya kuzungusha kwa kidole na kipimo kidogo cha volti chenye namba nyekundu, na kifaa kimekamilika. Hapo mtu anachagua volti. Wati anazikokotoa mwenyewe kichwani, kama anazijali.

Kuchagua wati zenyewe kulihitaji bongo zaidi. Bodi kama zile za DNA za kampuni ya Evolv ya Ohio, Marekani, zinapima ukinzani wa waya kwanza, kisha zinatafuta volti inayofaa. Ukiomba wati 20 kwenye waya wa nusu omu, bodi inatoa volti 3.2 hivi. Ukiweka waya wa omu moja na nusu na kuomba wati zile zile, inatoa volti 5.5, zaidi ya zile za betri, kwa hiyo inabidi izipandishe. Ikikuta waya umegusana inakataa kuwasha. Betri ikishuka mno inazima.

Watu wengi, hata mafundi wazuri, hudhani kwamba kidhibiti kimemaliza hatari yote. Kidhibiti kinatunza waya, lakini hakipunguzi kazi ya betri. Wati 40 ni wati 40, zinatoka mahali fulani. Betri ikiwa imejaa zinahitaji karibu ampea 10.6, tukihesabu kwamba sehemu ya kumi inapotea njiani. Ikiwa imeshuka hadi volti 3.3, kidhibiti kinavuta ampea 13.5 ili kutoa wati zile zile. Kwa maneno mengine, betri inakamuliwa zaidi wakati inapochoka. Jambo hili halihusu sigara peke yake. Taa yenye kidhibiti, pawabanki, inveta ndogo ya nyumbani, zote zinafanya vile vile.

Sasa turudi kwenye ile mirija iliyotoka katika laptop. Jina lake ni 18650, maana yake milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu. Kwa macho yote ni sawa. Kwa ndani si sawa hata kidogo. Ya laptop ilitengenezwa ili itoe nguvu polepole kwa masaa. Nyingi hazipaswi kuombwa zaidi ya ampea 4 au 5. Ile ya mashine za kutoboa ukuta au ya sigara, kwa mfano 25R ya Samsung, inaruhusiwa ampea 20. Fundi anayechukua ya laptop na kuiomba kazi ya ile nyingine anaiomba mara nne ya uwezo wake. Itatoa, kwa muda. Itapata joto kwanza.

Halafu kuna uongo wa sokoni. Betri zilizoandikwa 9800 mAh zinauzwa katika miji mingi ya Afrika, zikiwa na rangi nzuri na maandishi makubwa. Betri bora za 18650 zinazojulikana zinafika karibu 3500. Hakuna kiwanda kinachoweza kutia mara tatu ya hapo katika mrija ule ule. Mara nyingi mzani mdogo unatosha kugundua: betri halisi ina uzito wa karibu gramu 45, na ya uongo huwa nyepesi kabisa.

Kinachotokea ndani betri inapotendwa vibaya kinapaswa kueleweka Kolwezi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu madini yenyewe ni ya hapa. Ndani ya mrija kuna mikanda miwili iliyokunjwa pamoja kama mkeka. Mmoja ni wa alumini, umepakwa unga wenye lithiamu na kobalti. Katika mchanganyiko wa zamani, ule ambao Sony iliuingiza sokoni mwaka wa 1991, kobalti ni karibu asilimia 60 ya uzito wa unga huo. Mwingine ni wa shaba, umepakwa grafiti. Kati yao kuna plastiki nyembamba sana. Betri ikiachwa ishuke chini kabisa, kama zile zilizokaa miaka ndani ya laptop iliyotupwa, shaba inaanza kuyeyuka ndani ya maji ya betri. Ukiichaji tena, shaba hiyo inajishika upya mahali pasipo pake, na inaweza kutoboa ile plastiki. Siku hiyo betri inaweza kuonekana nzima. Wiki mbili baadaye inapata moto usiku, ikiwa kwenye chaja, watoto wamelala.

Ndiyo maana mafundi waangalifu hawafufui mrija uliokutwa chini ya volti 2.5. Wanautupa. Uliobaki wanauchaji hadi 4.2, wanauacha juma zima peke yake bila kuufunga popote, kisha wanapima tena. Ulioshuka sana haurudi kazini. Na hawachanganyi mirija ya laptop mbili tofauti katika mstari mmoja, kwa kuwa dhaifu itakwisha mapema na ile yenye nguvu itaisukuma kinyume.

Ajali zimeshaandikwa. Mwezi wa Mei 2018, mjini St. Petersburg, Florida, mwanaume mwenye umri wa miaka 38 alikufa baada ya kifaa chake cha mvuke kulipuka. Mwezi wa Januari 2019, kijana wa miaka 24 alikufa Fort Worth, Texas, kwa sababu ya namna hiyo. Vifo hivyo ni vichache vikilinganishwa na idadi ya wavutaji, lakini majeraha ya moto ya mapajani, kutokana na betri iliyowekwa mfukoni pamoja na funguo au sarafu, yanajulikana sana na madaktari wa nchi hizo. Creuseur anayeweka betri ya akiba ya tochi katika mfuko wenye misumari anabeba hatari ile ile.

Serikali zimechukua njia tofauti. Uganda ilikataza sigara za umeme kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka wa 2015. Uingereza iliziruhusu kwa wanaotaka kuacha tumbaku, lakini kuanzia tarehe 1 Juni 2025 ilikataza kuuza zile za kutumia mara moja na kutupa. Kabla ya hapo watafiti wa chuo kikuu cha University College London walikuwa wameonyesha, mwishoni mwa 2023, kwamba betri za vifaa hivyo vya kutupwa zinaweza kuchajiwa mamia ya mara. Yaani lithiamu na madini yake yalikuwa yanachimbwa, yanavukishwa bahari, yanatumika siku mbili tatu, yanatupwa.

Kwa wakaaji wa Lualaba habari hiyo ina uchungu wake. Nchi ya Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia. Mwaka wa 2014 watu wa Kasulo, Kolwezi, walianza kuchimba chini ya nyumba zao wenyewe baada ya madini kuonekana kwenye kiwanja kimoja. Mwezi wa Septemba 2023 Amnesty International pamoja na shirika la Kolwezi IBGDH walitoa ripoti juu ya watu walioondolewa nyumbani, pamoja na wale wa Cité Gécamines karibu na mgodi wa COMMUS. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha kupeleka kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na mwezi wa Oktoba ikaruhusu tena kwa kiasi kilichopimwa. Umeme nao una kisa chake: laini ndefu kutoka Inga, kilomita karibu 1700, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, inaishia Kolwezi, na ilijengwa kwa ajili ya migodi.

Basi kijana wa Musonoi anayefungua pakiti ya laptop anatafuta kile kilichopita mbele ya mlango wake. Hahitaji kukatazwa. Anahitaji kipimo cha volti cha bei ndogo, fyuzi kati ya betri na kazi, vyombo vya plastiki vya kutenganisha mirija, na mahali pa kupeleka ile iliyokufa. Vitatu vya kwanza vinapatikana sokoni. Mirija iliyokufa kwa kawaida inaishia pamoja na takataka nyingine, inachomwa nayo jioni, na inalipuka mmoja mmoja kama mahindi kwenye makaa.