Safari Hulipiwa Kichakani

Usiku wa ukungu mwezi Novemba au Desemba, mbalamwezi ikiwa haipo, taa za hoteli ya Ngulia huko Tsavo Magharibi huvuta ndege wadogo wanaopita angani kutoka Ulaya na Asia kuelekea kusini mwa Afrika. Tangu 1969 watafiti wamekuwa wakiwanasa hapo kwa nyavu, kuwavisha pete mguuni na kuwaachia. Mmoja anayenaswa kwa wingi ni Acrocephalus palustris, ndege wa kahawia wa gramu 12 hivi, uzito wa vijiko vitatu vya chai vya sukari.

Kabla ya kumwachia, mtafiti humlaza chali kiganjani na kumpuliza kifuani. Manyoya yakiachana, ngozi huonekana, nyembamba mno, na chini yake mafuta ya manjano kwenye kishimo cha koo. Kishimo kikiwa kimejaa, ndege ana akiba ya kuruka usiku kucha. Kikiwa kitupu na misuli ya kifua imebonyea, hana budi atue ale.

Wengi hudhani gharama kubwa ya safari ni kuruka. Martin Wikelski na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2003, walipima nishati inayotumiwa na ndege wa jenasi ya Catharus nchini Marekani, wakiwafuata usiku kwa gari na kusikiliza redio ndogo walizowafunga. Walikadiria kwamba kuruka huchukua asilimia 29 tu ya nishati ya safari nzima. Iliyobaki huishia vituoni, wanapotua njiani. Saa moja ya angani ni ghali kweli, lakini saa hizo ni chache. Siku za ardhini ni nyingi, za kusaka wadudu, kukwepa mwewe na kustahimili baridi.

Kula nako si kwepesi. Ndege aliyevuka Sahara huwa ametumia sehemu ya utumbo na ini lake mwenyewe kama chakula. Kwa kiasi kilekile cha nishati, protini ikivunjwa mwilini huachia maji mengi kuliko mafuta, na jangwani hakuna pa kunywa. Basi hata akitua penye wadudu tele, siku moja au mbili za mwanzo uzito hupanda polepole, maana utumbo hauna budi kujengwa upya. Jambo hili hunishangaza kuliko umbali wenyewe.

Kisiwani Ponza, Italia, ndege wadogo wa spishi ya Sylvia borin hutua Aprili na Mei baada ya kuvuka Mediterania. Watafiti wamewachunguza hata usingizini. Walionona hulala kichwa kikitazama mbele. Waliokonda hukificha ndani ya manyoya ya mgongo. Kichwa kilichofichwa hakipotezi joto ovyo, ila ndege huyo huchelewa kushtuka akisikia kishindo. Akiba yake anailipia kwa usalama wake.

Hapohapo Ponza, utafiti wa 2017 uligusa swali la nani aondoke lini. Grelini, homoni iliyo nyingi zaidi katika damu ya ndege wenye mafuta, ilipodungwa kwa Sylvia borin, ndege hao walipunguza kula na kuhangaika zaidi usiku, kama wafanyavyo wanapotaka kuondoka. Walionona hupaa giza likiingia. Waliokonda hubaki, na kichaka kikiwa kimefyekwa au wadudu wake wameuawa kwa dawa, hubaki siku nyingi zaidi. Wakija kufika kaskazini, madume waliowatangulia wameshashika maeneo mazuri ya kujenga viota.