Ukuta Upi Unabeba, Upi Unagawa?

Ndugu wakulima, leo tuzungumzie kuta. Wengi wenu huko pembezoni mwa Kinondoni na Temeke hujijengea wenyewe, kidogo kidogo, na masika hayamngoji mtu.

Kwa kazi yake, ukuta ni wa aina mbili. Ukuta wa kubeba hupokea uzito wa paa na kuuteremsha kwenye msingi. Ukuta wa kugawa hutenganisha vyumba tu. Je, wataka kuvunja ukuta upanue chumba? Kwanza tazama juu. Mbao za paa zikiwa zimeukalia, usiuguse mpaka fundi aweke nguzo za kushikilia. Na hata zisipoukalia, muulize fundi kwanza.

Ukuta wa fito na udongo ni rahisi kwa mfuko, lakini ukilowa chini hulegea, na mchwa hula fito. Basi uanzie juu ya msingi wa mawe ulioinuka kutoka ardhini, na paa litokeze nje vizuri.

Tofali la saruji, je? Changanya ndoo 1 ya saruji kwa 6 za mchanga. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache. Tofali zikae kivulini, zimwagiliwe maji siku 7. Inchi 6 ni za kubeba. Inchi 4 zatosha kugawa.

Unapojenga, mshono usikae juu ya mshono, na ukuta wa kugawa ufungamane na ule mkubwa. Usipofungwa, siku moja utamwangukia mtoto.

Haya, ndugu mkulima, kagua kuta zako kabla ya mvua.