Je, Gari Lako la Familia ni la Porini Kweli? Mwongozo kwa Mnunuzi wa Shinyanga na Geita

Mnunuzi wa gari katika mikoa ya Shinyanga na Geita huwa na maswali mawili makubwa: bei yake ni kiasi gani, na je, litafika? Swali la kwanza hujibiwa papo hapo. La pili ni gumu, kwa kuwa magari mengi ya familia ya aina ya SUV yanayouzwa leo yana sura ya gari la porini lakini yametengenezwa kwa kazi nyingine. Mtu anaweza kulipa akiba ya miaka mingi ya pamba, mpunga au dhahabu, kisha akagundua ukweli siku ya mvua, gari likiwa limezama hadi kwenye difu na mgonjwa akiwa kiti cha nyuma.

Makala haya yanaeleza tofauti iliyopo, namna ya kuitambua kabla ya kulipa, na haki ya mnunuzi aliyeelezwa jambo lisilo la kweli.

Umbo ni jambo moja, uwezo ni jambo jingine

Kwa miaka mingi gari refu lenye magurudumu makubwa lilikuwa na maana moja tu. Land Rover za zamani na Land Cruiser zilijengwa juu ya chasisi ya chuma iliyojitenga, na bodi ikafungwa juu yake kwa bolti, kama lori. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo wengi huiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele, ilianza kutengenezwa mwaka 1984 kwa mpango huo huo. Ndiyo maana bado inaonekana kwenye shughuli za migodi, hospitali na miradi ya maji.

Mwaka 1994 Toyota ilitoa RAV4, na mwaka 1997 ikatoa Harrier. Magari haya yalijengwa kwa namna ya gari dogo la mjini: bodi na fremu ni kitu kimoja, na injini imelazwa kwa upana. Harrier ilitumia msingi mmoja na Camry. Manufaa yake ni ya kweli. Gari la namna hii ni jepesi, hutumia mafuta kidogo, hutulia kwenye lami na halichoshi abiria. Watengenezaji wengi wakafuata njia hiyo, na leo X-Trail, Forester, CX-5 na nyingine nyingi zinazoletwa nchini zikiwa zimetumika ziko katika kundi hilo.

Hata hivyo, si kila gari la bodi moja ni dhaifu. Pajero ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka 1999, iliacha chasisi iliyojitenga lakini ikabaki na gia nzito za kutokea kwenye tope. Land Rover Defender iliyozinduliwa mwaka 2019 nayo ni ya bodi moja, na bado ina gia hizo. Kwa upande mwingine, Suzuki Jimny ni gari dogo sana, lakini lina chasisi ya ngazi na gia nzito. Kwa hiyo, ukubwa wa gari na urefu wa boneti havitoshi kukujulisha kitu. Kinachoamua ni vifaa vilivyomo chini yake.

Ardhi yetu inavyolijaribu gari

Wasukuma wameipa ardhi majina kwa jinsi inavyolimika, na majina hayo yanamfaa dereva pia. Luseni ni udongo wa kichanga wa miinuko. Huo hupitika karibu mwaka mzima, ingawa wakati wa kiangazi mchanga mwingi huvuta magurudumu. Itogolo ni ardhi ngumu ya miteremko, isiyonyonya maji upesi. Mvua ikinyesha, maji husimama juu na pakawa na utelezi. Mbuga ni udongo mweusi wa mabondeni, wenye rutuba na unaopasuka mianya mikubwa wakati wa jua. Udongo wa mbuga ukilowa huvimba, hunata, hujaza mistari ya tairi, na tairi hugeuka kuwa laini kama chungu kilichosuguliwa. Maeneo mengi ya tambarare za Shinyanga yana udongo huu.

Upande wa Geita na machimbo yanayouzunguka, tatizo hubadilika. Kuna vilima, changarawe nyekundu, mawe, na makorongo yaliyochimbwa na maji katikati ya njia. Njia za kwenda kwenye machimbo madogo hupasuliwa na malori yanayobeba mawe ya dhahabu, yakiacha mifereji miwili mirefu yenye tuta katikati. Gari la chini hukaa juu ya tuta hilo, magurudumu yakaning'inia.

Barabara kuu zinazounganisha miji yetu zina lami, na juu yake gari lolote zima linatosha. Swali la "litafika" huanza pale unapoiacha lami.

Mambo manne ya kukagua

*Kwanza, mfumo wa kuvuta.* Usiridhike na neno "fowili" kutoka kwa dalali. Magari mengi ya familia yaliyotoka Japani huvutwa na magurudumu ya mbele peke yake, ingawa kwa nje yanafanana kabisa na ndugu zake wenye 4WD. Tazama namba ya modeli kwenye kibati kilicho ndani ya boneti au pembeni mwa mlango. Kwa Harrier ya kizazi cha tatu yenye injini ya lita 2.0 ya petroli, ZSU60 ni ya magurudumu mawili na ZSU65 ni ya manne. Kwa RAV4 ya kizazi kilichoanza mwaka 2005, ACA36 ni ya mawili na ACA31 ni ya manne. Kisha mwombe fundi alaze mgongo chini ya gari: kama hakuna shafti inayokwenda nyuma wala difu ya nyuma, hiyo si fowili ya kawaida.

Hata pale ambapo mfumo upo, fahamu aina yake. Katika magari mengi ya familia, magurudumu ya mbele ndiyo yanayofanya kazi kila siku, na ya nyuma huitwa kusaidia na klachi ya umeme pale ya mbele yanapoteleza. Huo ni msaada mzuri kwenye utelezi wa muda mfupi. Ukizungusha magurudumu kwenye tope kwa dakika kadhaa, klachi hiyo hupata moto, hujitenga ili isiungue, na gari hubaki na magurudumu ya mbele tu. Kitufe cha LOCK kilichomo kwenye RAV4 iliyotajwa hapo juu husaidia kuanza kutoka kwenye tope, lakini hujitoa chenyewe mwendo unapozidi kilomita 40 hivi kwa saa. Kwenye baadhi ya magari ya haibridi, kama RAV4 na Harrier za haibridi zenye 4WD, magurudumu ya nyuma huendeshwa na mota ndogo ya umeme bila shafti yoyote. Mfumo huo unafaa kwenye barabara yenye utelezi, lakini haukusudiwi kuvuta gari kutoka mbugani.

*Pili, gia nzito.* Tafuta maandishi 4L au L4 kwenye mti wa gia au kwenye swichi. Gia hizi huongeza nguvu inayofika kwenye magurudumu kwa takriban mara mbili hadi mara mbili na nusu, huku gari likitambaa polepole. Ndizo zinazopandisha mlima wa mawe bila kuunguza klachi, na kuteremsha gari bila kuchosha breki. Prado, Land Cruiser, Hilux ya 4WD na Jimny zinazo. RAV4, Harrier, X-Trail na CX-5 hazina. Kama gari halina gia nzito, si gari la porini kwa maana kamili, hata likiitwa jina gani.

*Tatu, nafasi ya chini.* Pima kwa futi kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa iliyo katikati ya gari. Magari mengi ya familia huwa kati ya milimita 170 na 210, na hupungua zaidi yakipakiwa watu watano na mizigo. Kagua pia bampa ya mbele. Bampa ndefu ya plastiki inayoshuka karibu na ardhi itang'oka kwenye korongo la kwanza. Tahadhari na magari yaliyoinuliwa kwa vipande vya chuma juu ya springi: hupata urefu, lakini shafti za magurudumu hukaa kwa pembe isiyo yake na kuchakaa mapema.

*Nne, matairi na spea.* Tairi za barabara, zenye mistari midogo, hujaa tope la mbuga baada ya mizunguko michache. Tairi mchanganyiko, zinazoandikwa A/T, zitakufikisha mbali zaidi kuliko mapambo yoyote ya nje. Fungua pia sehemu ya spea. Baadhi ya magari mapya huja na spea nyembamba ya muda isiyoruhusiwa kuzidi kilomita 80 kwa saa, na mengine huja na chupa ya gundi tu, bila spea. Kwenye njia ya mawe, ubavu wa tairi ukichanika, gundi haisaidii.

Kwa magari ya haibridi, ongeza jambo la tano: vumbi. Betri kubwa hupozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa na vumbi au mizigo, betri hupata joto na huharibika kabla ya wakati wake. Muulize muuzaji ni lini kichujio chake kilisafishwa.

Basi, nani anunue nini?

Pima njia mbaya kuliko zote unayolazimika kuipita, na uhesabu ni siku ngapi kwa mwaka unaipita. Mtumishi anayeishi mjini Kahama, anayekwenda Mwanza kwa lami na kutembelea kijiji chake wakati wa kiangazi, hana sababu ya kulipia gharama ya ununuzi, mafuta na matairi ya gari la chasisi. RAV4 au X-Trail nzima yenye 4WD na matairi mazuri inamtosha. Yule ambaye shamba lake liko ng'ambo ya mbuga, au ambaye kazi yake iko machimboni mwezi hadi mwezi, ataokoa fedha kwa kununua gari lenye gia nzito, hata kama ni la zamani zaidi, mradi chasisi yake haijachomelewa na haijapinda.

Kuna jambo moja ambalo hakuna gari linaloliondoa. Maji yanayokwenda kasi, yenye kina cha sentimita 60 hivi, yanaweza kusomba hata gari kubwa. Mkonga huzuia maji kuingia kwenye injini. Hauzuii gari kuelea. Mto ukijaa, subiri upungue au geuza gari.

Kabla ya kulipa

Mweleze muuzaji matumizi yako kwa maandishi. Usiseme tu "nataka Harrier." Andika, hata kwa ujumbe wa simu: "Nahitaji gari la kupita njia ya tope msimu wa mvua, lenye 4WD." Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemjulisha mfanyabiashara kazi anayoikusudia na akategemea ujuzi wake katika kuchagua. Anayeomba gari kwa jina tu, bila kueleza kazi, hujiondolea sehemu ya kinga hiyo. Kinga ni hafifu zaidi pale unaponunua kwa mtu binafsi ambaye biashara yake si magari.

Hakikisha pia risiti au mkataba unataja namba ya modeli, namba ya chasisi na aina ya mfumo wa kuvuta. Linganisha namba hizo na kadi ya gari. Nenda na fundi wako mwenyewe, si fundi aliyeletwa na dalali, na mlijaribu gari nje ya lami, si kuzunguka yadi.

Muuzaji anayetangaza gari la magurudumu mawili kuwa ni fowili, au anayebandika nembo ya 4WD kwenye gari lisilostahili, anapotosha. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha au kumhadaa mlaji katika biashara, na Tume ya Ushindani ina jukumu la kuisimamia. Anza kwa kumwandikia muuzaji ukieleza dosari na unachotaka kifanyike: kubadilishiwa gari, kurudishiwa fedha au kupunguziwa bei. Asipokujibu, wasilisha malalamiko yako kwa Tume pamoja na nakala za tangazo, ujumbe wa simu, risiti na picha ya kibati cha modeli. Tunza tangazo lenyewe tangu siku ya kwanza, kwa maana baada ya mauzo matangazo huondolewa upesi.