Dago: Kambi ya Wavuvi na Elimu ya Ugenini

Dago, ambalo katika pwani ya Kenya huitwa pia ago, ni kambi ya muda ambayo wavuvi huipiga ufukweni au kisiwani mbali na makwao, wakakaa humo kwa majuma au hata miezi wakifuata samaki, kisha wakaivunja na kurejea nyumbani majira yanapogeuka. Desturi hii imeenea katika sehemu kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki, na waliosifika nayo kuliko wengine ni Wapemba, ambao kambi zao zimejulikana katika kisiwa cha Misali kilicho karibu na kwao na vilevile upande wa Kenya, kuanzia Vanga na Shimoni hadi Malindi. Maandishi ya kitaalamu kuhusu dago hushughulika zaidi na idadi ya vyombo na uzito wa samaki waliovuliwa, mambo ambayo ni ya lazima lakini hayaelezi kwa nini mzazi wa Kipemba alikubali kumwachia nahodha mwanawe aliyekuwa bado hajaota ndevu.

Safari za dago hufuata pepo. Wakati wa kaskazi, yaani upepo uvumao kutoka kaskazini-mashariki takriban kuanzia Desemba hadi Machi, bahari huwa shwari kiasi cha kuwawezesha wavuvi kwenda mbali, ilhali kusi inapovuma katikati ya mwaka mawimbi huwa makubwa na vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba. Ndani ya mwezi mmoja nako kuna mgawanyo mwingine: bamvua, ambalo ni kipindi cha maji kujaa na kupwa sana mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, na maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo na mkondo hupungua nguvu.

Mwanafunzi wa dago hakabidhiwi mshipi siku ya kwanza. Kazi yake ya mwanzo ni kufua maji, yaani kuyachota kwa upo yale yanayoingia chomboni na kuyamwaga nje, na wanaporudi kambini ndiye mpishi, mchota maji na mtafuta kuni. Kazi hizi, ingawa hudharauliwa na wasiozijua, humzoesha kukaa chomboni bila kuyumba na kuwasikiliza wakubwa wanapobishana juu ya upepo wa kesho. Baadaye hufundishwa kutia chambo kwenye ndoana, kufunga chubwi, yaani kipande cha risasi kinachouzamisha mshipi, na kutambua kwa kidole iwapo kinachovuta chini ni samaki au ni jiwe. Somo gumu zaidi ni la kuujua mwamba usioonekana, kwa kuwa nahodha huulenga kwa kulinganisha alama mbili au zaidi za nchi kavu, kama vile mnazi mrefu na kilima kilicho nyuma yake, na alama hizo hazisemwi ovyo mbele ya kila mtu.

Hapo ndipo urafiki unapokuwa sehemu ya ufundi wenyewe. Mgeni anaweza kuwa bingwa wa jarife, ule wavu wa matundu makubwa wa kunasia papa na jodari, lakini asijue mkondo wa mlango wa bahari wa ugenini unageuka saa ngapi. Mwenyeji anajua hilo tangu utotoni, pengine bila kuwa na wavu wa namna ile. Kwa hiyo hubadilishana, si kwa mkataba bali kwa swala ya Ijumaa katika msikiti wa kijiji, kwa kahawa na bao la jioni, kwa kitoweo kinachopelekwa nyumba za jirani kabla samaki hawajauzwa, na mara nyingine kwa posa. Wanawake wa kijiji nao wamo katika uhusiano huo, kwa kuwa ndio wanaowauzia wavuvi vyakula, na katika pwani ya Kenya akina mama karanga, ambao hukaanga samaki na kuwauza rejareja, hutegemea vyombo vya wageni sawa na vya wenyeji.

Si kila dago hupokelewa vizuri. Nyavu za kuzungusha, ambazo huzingira kundi zima la samaki kwa mara moja na ambazo zilifika kusini mwa Kenya pamoja na wavuvi wa Kipemba, zimezua ugomvi wa muda mrefu na wenyeji wanaotumia mishipi na madema, yaani mitego ya kusukwa. Lawama nyingi huelekezwa kwa ugeni, jambo ambalo halina haki, kwani wavu unaoharibu huharibu hata ukivutwa na mwenyeji. Utaratibu wa kumtaka mgeni aripoti kwa bwana diko, yaani msimamizi wa mahali pa kushushia samaki, au kwa kamati ya wavuvi, akiwa na barua ya utambulisho kutoka alikotoka, ni bora kuliko kuwafukuza wote kwa kosa la wachache.

Wapo waliokwenda dago wasirudi, wakaoa na kuzaa watoto waliokulia Kenya bila vitambulisho, na kwa sababu hiyo wakatatizika hata kupata leseni ya uvuvi. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wapemba kuwa miongoni mwa jamii za nchi hiyo.